Chakula cha Hadhi Unguja: Kutoka Ghala za Mtoni hadi Duka la Vyakula Teule

Duka la vyakula teule, yaani duka ambamo mteja mwenye uwezo huingia kuchagua jibini, nyama iliyokaushwa au kuvukizwa moshi, zeituni, mikate ya Kizungu na viungo vilivyofungwa kwa ustadi, ni jambo la miaka ya karibuni katika kisiwa cha Unguja, ingawa hamu ya vyakula adimu vitokavyo mbali ni ya zamani sana kisiwani humo. Anayeliona duka la namna hiyo kando ya barabara itokayo mjini kuelekea Bububu huenda akadhani kwamba limeletwa na watalii, na kwa kiasi fulani dhana hiyo ni sahihi. Lakini barabara hiyo hiyo hupita Mtoni, mahali ambapo, karibu miaka mia mbili iliyopita, ziliandaliwa sufra zilizosheheni vyakula vya ng'ambo kuliko nyingi katika pwani ya Afrika Mashariki. Baina ya zama hizo mbili vyakula vyenyewe havikubadilika sana kama ilivyobadilika njia ya kuvipata. Kwa sehemu kubwa ya historia ya Unguja chakula cha hadhi kilimfikia mtu kwa nasaba, kwa cheo, kwa utumishi au kwa kibali cha serikali, na desturi ya mtu yeyote mwenye fedha mkononi kusimama mbele ya kaunta na kuamua mwenyewe anachokitaka ilichelewa kufika, kisha ikakatika, kisha ikarudi.

Jumba la Mtoni, linalojulikana pia kwa jina la Bet il Mtoni, lilijengwa na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, nalo huhesabiwa kuwa kongwe kuliko majumba yote ya kifalme kisiwani. Mahali penyewe palikuwa na thamani hata kabla ya jumba kukamilika. Saleh bin Haramil al-Abri, mfanyabiashara wa Kiomani anayetajwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupanda mikarafuu Unguja, alikuwa na mashamba yake Mtoni na Kizimbani, na mashamba hayo hatimaye yalichukuliwa na Seyyid Said, ambaye baadaye aliwahimiza wenye ardhi kupanda mikarafuu kwa wingi kando ya minazi yao. Kwa hiyo zao lililokuja kugharimia anasa za watawala lilikuwa likikua karibu na madirisha yao, na katika hesabu yoyote ya haki ni lazima isemwe kwamba lilipandwa, likapaliliwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, ambao pia ndio waliopika na kubeba karibu kila kilicholiwa ndani ya majumba hayo.

Habari nyingi za mapishi na maakuli ya nyumba hizo zimehifadhiwa na Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kupata jina la Emily Ruete, kisha akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ushahidi wake unahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa aliandika akiwa ugenini, miaka mingi baada ya kuondoka, na mara nyingine akiutetea ulimwengu ambao wasomaji wake Wazungu waliudharau. Hata hivyo, katika mambo ya jikoni hana sababu kubwa ya kupotosha. Anasimulia kwamba baba yake aligawa wiki yake baina ya Mtoni, alikokaa siku nne, na jumba la mjini la Bet il Sahil, alikokaa siku tatu, na kwamba watu wa nyumba ya Mtoni, pamoja na watumishi wote, walikaribia elfu moja. Anapoeleza jiko la Bet il Sahil anataja samaki wakubwa waliobebwa na wanaume wawili, samaki wadogo waliohesabiwa kwa vikapu tu, kuku waliohesabiwa kwa dazeni, mchele, unga na sukari vilivyopimwa kwa magunia, na samli iliyotoka kaskazini, hasa kisiwa cha Sokotra, katika mitungi mikubwa. Viungo peke yake ndivyo vilivyopimwa kwa ratili, kipimo kinachokaribia nusu kilo, na matunda yaliletwa kila siku na wachukuzi kwa makumi kutoka mashambani.

Maelezo hayo yanaonyesha nyumba isiyonunua chakula kwa maana inayoeleweka leo. Kilichotoka mashambani kilikuwa mali ya mtawala, kilichotoka baharini kiliagizwa kwa jumla au kilikuja kama zawadi, na vyote viliingia katika ghala moja ambamo vilitolewa kwa daraja. Hata mezani daraja hizo zilionekana, kwa sababu masuria, ambao wengi wao walikuwa mama wa watoto wa mtawala, hawakukaa kula pamoja naye, ilhali watoto wake wenyewe na mke wake wa ndoa, Azze bint Sef, walikuwa na nafasi hiyo. Binti wa mfalme angeweza kumaliza utoto wake akila lozi, zabibu na tende za Maskati bila ya kuona hata mara moja fedha ikibadilishwa na chakula. Wanawake wa tabaka hilo hawakwenda sokoni, na walipotoka kutembeleana walitoka usiku, wakifuatana na watumishi wenye taa.

Nje ya majumba, upatikanaji wa bidhaa za mbali ulifuata pepo. Kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, uliyasukuma majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, nayo kusi, inayoanza kuvuma baada ya hapo, iliyarudisha kwao yakiwa na boriti za mikoko, karafuu, nazi na pembe za ndovu. Musimu wa kaskazi ndio uliokuwa wakati wa wingi, kwani majahazi yalishusha makanda ya tende, papa na nguru wakavu, samli, mchele, kahawa, zafarani na marashi ya mawaridi, na bei za vitu hivyo zilishuka na kupanda kwa kufuata idadi ya vyombo vilivyotia nanga. Ushuru ulikusanywa forodhani, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri zaidi akiwa Jairam Sewji, Mbaniani ambaye nyumba yake ya biashara ilisimamia forodha kwa vizazi viwili. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa zilizoletwa na meli za nchi hiyo, na mikataba na Uingereza na Ufaransa ikafuata katika miaka ya 1839 na 1844. Ni kweli kwamba Wamarekani wa mji wa Salem wanakumbukwa zaidi kwa kitambaa cha merikani kuliko kwa chochote cha kuliwa, na inafaa kukiri kwamba kwa upande wa chakula Unguja iliendelea kutazama kaskazi kwa muda mrefu baada ya kuanza kuvaa nguo za magharibi.

Mfano ulio bora kuliko yote wa namna vyakula vya mbali vilivyogeuzwa kuwa vya nyumbani ni halwa. Hii ni tamutamu laini yenye kuvutika, asili yake ikihusishwa na Oman, inayopikwa kwa sukari, wanga, samli, hiliki na zafarani, na kwa wenye uwezo huongezwa lozi au korosho. Ukiitazama orodha hiyo ya mahitaji utaona kwamba, kabla ya viungo kuenea kisiwani, vingi kati yake Unguja isingeweza kuvitoa kwa wingi bila ya msaada wa jahazi, na pengine hapo ndipo ilipotoka heshima yake. Upishi wake ni kazi ya saa kadhaa, kwani sufuria kubwa ya shaba huwekwa juu ya moto na mchanganyiko ukakorogwa kwa mwiko mrefu bila ya kuachwa, ili usigande wala usishike chini, na mpishi huujua wakati wa kuepua kwa kutazama namna samli inavyojitenga pembeni. Kazi hiyo haikufaa kufanywa katika kila nyumba, na kwa sababu hiyo wapishi wa halwa wakawa mafundi wenye majina, wanaofuatwa na wateja kwa sifa ya mkono wao, wakiuza kwa kupima na kufunga katika vikapu vidogo vya ukili. Harusi, Idi na ugeni wa heshima havikukamilika bila ya sinia ya halwa na kahawa chungu katika vikombe vidogo. Ikiwa inatafutwa biashara ya wenyeji iliyo karibu kabisa na duka la vyakula teule, yenye bidhaa ghali, fundi anayejulikana, mteja anayeonja kabla ya kununua na kifungashio chenye kutambulika, basi hii ndiyo, na ilikuwapo mjini muda mrefu kabla ya jibini.

Soko la chakula cha kila siku lilikuwa jambo jingine. Mitaa kama Sokomuhogo ilibeba kumbukumbu ya mahali ambapo watu wa kawaida walinunua chakula chao, na palikuwa pia na soko karibu na Ngome Kongwe. Mwaka 1904, katika enzi ya Sultan Ali bin Hamud, lilijengwa soko kuu la Darajani, lililoitwa Estella na ambalo watu wa mjini hulijua zaidi kwa jina la Marikiti, likiwa kwenye ukingo wa Mji Mkongwe, hatua chache kutoka kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Kulikusanya soko la samaki, nyama na mboga chini ya paa moja kulikuwa sehemu ya siasa ya afya ya utawala wa Kiingereza, ambao kuanzia mwaka 1890 ulikuwa umeiweka Zanzibar chini ya himaya yake, na ambao ulipenda kuona chakula mahali ambapo mkaguzi wake angeweza kukifikia.

Ndani ya Marikiti ulikomaa ujuzi ambao haujapewa nafasi ya kutosha katika maandishi ya historia, nao ni ujuzi wa wanaume kuchagua chakula. Kwa kuwa wanawake wa nyumba zenye heshima walikaa ndani, na kwa kuwa baada ya kukomeshwa utumwa mwaka 1897 familia nyingi zaidi zilitaka kujinasibisha na heshima hiyo, kwenda sokoni kukawa kazi ya baba wa nyumba, aliyetoka asubuhi na kikapu chake, akafungua matamvua ya samaki kuona wekundu wake, akanusa, akapapasa embe, akasimama katika mnada wa samaki, na akarudi na mahitaji ambayo mkewe angeyasifu au kuyakosoa kwa ukali. Mwanamume aliyerudi na changu aliyelala au nyama yenye mifupa mingi alidhihakiwa, na sifa ya kujua sokoni ilikuwa sehemu ya sifa ya uungwana wake. Desturi hiyo haijatoweka, ingawa leo wanawake wanaonekana sokoni kwa wingi, kama wanunuzi na kama wauzaji.

Sambamba na Marikiti ilikua biashara ya aina nyingine, iliyowalenga watu wachache sana. Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869, na kuanza kwa safari za meli za barua za British India kutoka Aden mwaka 1872, kuliifanya Unguja ifikiwe na bidhaa za Ulaya kwa ratiba isiyotegemea kaskazi. Mwaka huo huo wa 1872 kimbunga kikubwa kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mashamba ya Pemba, yaliyonusurika, yakachukua nafasi ya kwanza katika zao hilo. Lakini mji haukupoteza umuhimu wake, kwa sababu balozi, nyumba za biashara za Hamburg kama O'Swald na Hansing, wamisionari, mabaharia wa kivita na wasafiri waliojiandaa kwenda bara wote walihitaji kulishwa, na wengi wao hawakutaka kula wali kila siku. Waliowahudumia zaidi walikuwa Wagoa, yaani Wakatoliki wenye asili ya Goa, iliyokuwa koloni la Wareno katika Bara Hindi, ambao waliingia Unguja kwa wingi kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 19 wakiwa wapishi, waokaji mikate, mafundi cherehani, wapiga muziki, makarani na wenye maduka. Dini yao na mazoea yao ya mapishi ya Kireno yaliwawezesha kushughulika na vitu ambavyo Mwislamu au Mbaniani hangependa kuvigusa, kama vile nyama ya nguruwe na mvinyo, na hivyo duka la Mgoa lilikuwa na nyama na samaki wa kopo, jibini, siagi ya kopo, biskuti, jemu na chupa za vileo. Hapo ndipo inapoonekana kwa mara ya kwanza Unguja kaunta ya vyakula vya kifahari, pamoja na daftari la mkopo lililofungwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa watu wa mshahara.

Ni rahisi kulikuza duka hilo kupita kiasi. Kwa wakazi wengi wa Ng'ambo, upande wa mji uliokuwa ng'ambo ya hori ya Darajani, kopo la siagi lilikuwa kitu cha kuonwa kwenye rafu ya mtu mwingine, na hata kwa Waarabu matajiri vyakula hivyo havikuchukua nafasi ya biriani, boko boko au mkate wa ufuta. Athari yake kubwa zaidi ilikuwa ya taratibu, kupitia wapishi na watumishi wa nyumba za Kizungu, na hapo ndipo katlesi, keki na kastadi zilipopata njia ya kuingia katika futari na karamu za mjini, zikakaa kana kwamba hazikuwahi kuwa ngeni.

Vita Kuu vya Pili vilifunua jinsi kisiwa kilivyokuwa kimeegemea meli kwa chakula cha kawaida, achilia mbali cha anasa. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukitoka huko ulikoma, muhogo ukahimizwa, na serikali ikaanzisha mgao. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalileta mabadiliko ya kina zaidi. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi, Wagoa na Waarabu waliondoka katika miaka iliyofuata, biashara ya nje ikawekwa mikononi mwa mashirika ya serikali, na chini ya Rais Abeid Amani Karume uagizaji wa vyakula ulibanwa kwa nia ya kuwafanya Wazanzibari wajitegemee. Mchele, unga wa ngano na sukari vikawa vitu vya mgao na foleni, wakati ambapo fedha za kigeni zilizotokana na karafuu zilikuwa zikielekezwa kwingine, zikiwamo nyumba za ghorofa za Michenzani. Yapo maelezo yanayokieleza kipindi hicho kama njaa tupu, na yapo yanayokipamba kama zama za usawa; ukweli ulio wazi ni kwamba serikali ilikuwa imechukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya ghala la mfalme, ya kupokea kila kitu na kukigawa, ikiwa na tofauti kubwa kwamba ugawaji sasa ulidaiwa kuwa wa wote. Magendo, yaani biashara ya siri ya kuvusha bidhaa, yalistawi kama inavyotarajiwa, karafuu za Pemba zikienda pwani ya Kenya na bidhaa zikirudi kwa njia hiyo hiyo, licha ya sheria ambazo adhabu yake ilifikia kifo.

Mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar baada ya kujiuzulu kwa Aboud Jumbe, milango ya biashara ilifunguliwa, na waliokuwa na fedha za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Darajani ilijaa vitu vya Dubai, hata watu wa bara wakavuka kuja kununua redio, televisheni na vitambaa. Chakula cha kifahari kilirudi kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Sheria ya kulinda vitega uchumi ya mwaka 1986 ilifungua njia kwa wenye hoteli, Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kufikia mwaka 2019 wageni waliozuru Zanzibar walizidi laki tano kwa mwaka. Waagizaji waliozoea kupeleka jibini na nyama za kusindika hotelini waligundua kwamba wapo pia wakazi wa kudumu wanaozitaka: Wazungu walioajiriwa, Wazanzibari waliorudi kutoka Ulaya na Ghuba, na vijana wa mjini waliokula vitu hivyo kazini mwao. Duka la vyakula teule la leo limezaliwa hasa kutokana na mabaki ya biashara hiyo ya hoteli, na ndiyo maana huelekea kukaa kando ya barabara kuu za nje ya Mji Mkongwe, ambako gari la mizigo hupita na mteja hupata pa kuegesha, kuliko katika vichochoro vya Sokomuhogo.

Bidhaa zake hazitoki Ulaya peke yake. Njombe, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kipo kiwanda cha maziwa kilichojengeka kwa msaada wa shirika la Kiitaliano na kinachotengeneza jibini za Kiitaliano, na Kenya ina wasindikaji wa nyama na maziwa wa miaka mingi. Mizigo ya bara huvuka mkondo wa Zanzibar kutoka Dar es Salaam. Karibu na rafu hizo huwekwa karafuu, mdalasini, hiliki na vanila vilivyofungwa kwa wageni, vikiuzwa kwa bei ambayo mnunuzi wa Marikiti angeicheka, kwa kuwa yeye bado huvinunua kwa kupimiwa na fikra yake kubwa ni bei ya mchele wa mapembe, mchele wa kila siku utokao Asia.

Tofauti ya kimsingi baina ya biashara hii na zote zilizoitangulia ni baridi. Tende, papa mkavu, samli na halwa vilichaguliwa na historia kwa sababu vinastahimili joto la pwani, na kopo la Mgoa lilifanya vivyo hivyo kwa bati; jibini laini na nyama iliyokatwa vipande vyembamba havistahimili hata mchana mmoja. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na ule wa mwanzo, uliowekwa mwaka 1980, uliharibika mwezi Mei 2008 na kukiacha kisiwa gizani kwa karibu mwezi mmoja, kisha ukakatika tena Disemba 2009 na kukiweka hivyo kwa takriban miezi mitatu. Katika miezi hiyo wenye majokofu waligawanyika mara moja baina ya waliomudu jenereta na wasiomudu, na wavuvi walirudi kwenye chumvi na jua. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, lakini kuweka jenereta kumebaki kuwa sharti la biashara hiyo, na gharama ya mafuta yake imo ndani ya bei ya kila kipande cha jibini kinachokatwa kwenye kaunta.